Nafasi "bila kikomo" kwenye kuhosti tovuti: ni kweli au ni maneno ya tangazo?

#1 Fundi wa Mlandege

Assalamu alaikum wanajukwaa.

Kuna tangazo linazunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa utalii hapa Unguja, na sasa limefika hadi kundi la walimu wa Pemba: hosti tovuti yako kwa dola tatu kwa mwezi, nafasi ya diski bila kikomo, barua pepe bila kikomo, wageni bila kikomo. Kuhosti ni kukodi nafasi kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayowaka muda wote, ili tovuti yako ionekane. Watu wananiuliza kama ni kweli. Nimeona nijibu hapa kwa urefu, maana wengine wanalipa miaka mitatu kwa mpigo ndipo wanauliza.

Jibu langu: kikomo kipo. Hakijatajwa kwenye tangazo, kimewekwa kwenye ukurasa wa masharti, na kimeandikwa kwa vipimo ambavyo mteja wa kawaida havijui.

Tuanze na bei. Amazon, kwenye S3, huduma yao ya kuhifadhi data, wanatoza kama dola 23 kwa mwezi kuhifadhi terabaiti moja (TB 1, yaani GB 1,000) kwenye daraja la kawaida. Backblaze, wanaosifika kwa bei rahisi, mwezi wa Oktoba 2023 walipandisha huduma yao ya B2 kutoka dola 5 hadi dola 6 kwa terabaiti kwa mwezi. Hawa ni watu wanaonunua diski kwa maelfu. Sasa akija mtu akakwambia dola 3 kwa mwezi, jaza terabaiti uzitakazo, na humo humo mna umeme, mna leseni ya paneli (ukurasa ambao mteja anasimamia akaunti yake), mna mshahara wa anayejibu maombi yako ya msaada, lazima uulize pesa inatoka wapi.

Inatoka kwa wasiotumia. Chukua mfano wa seva yenye diski za jumla ya TB 8, imepangiwa wateja 500, kila mmoja ameuziwa "bila kikomo". Wengi wao wana tovuti ya kurasa tano, picha chache na barua pepe mbili tatu. Kila mmoja akitumia GB 2, wote kwa pamoja wametumia TB 1. Seva haijafika hata robo. Ni kama wali wa harusi: mwenye shughuli anaalika mtaa mzima akijua nani atakuja, nani atatuma salamu tu, nani atakula vijiko viwili. Hesabu inakubali mpaka wageni waje wote kwa pamoja, kila mtu na hotpoti lake la kubebea.

Biashara ya namna hii si haramu, na mie sisemi kila anayeifanya ni mwizi. Lakini kampuni lazima ijilinde na wale wachache watakaokuja na hotpoti, na kinga zenyewe ndizo ninazotaka mzijue.

Kinga ya kwanza ni idadi ya mafaili. Ukiingia kwenye paneli utaona mahali pameandikwa inodi. Kila faili na kila folda huhesabiwa moja, liwe dogo kama herufi kumi au kubwa kama filamu. Vifurushi vingi vya "bila kikomo" huishia mafaili 200,000 au 250,000 kwa akaunti. Mtu anasoma anaona ni mengi sana. Basi tazama picha moja tu inavyokwenda.

Una nyumba ya wageni Jambiani. Umepiga picha ya bahari kwa simu, ina upana wa pikseli 4,000, umeipandisha kwenye WordPress, programu ya kujengea tovuti. Wewe umepandisha faili moja. WordPress inabaki na ile ya asili, inatengeneza iliyopunguzwa hadi 2,560, kisha ya 2,048, ya 1,536, ya 1,024, ya 768, ya 300 na ya 150. Jumla mafaili manane. Hizo za 2,560, 2,048 na 1,536 zilianza na toleo la 5.3 la Novemba 2019, kwa hiyo aliyezoea hesabu za zamani anashtuka. Kiolezo chako, yaani muundo wa sura ya tovuti, kikiwa na saizi zake mwenyewe, au ukiweka duka la WooCommerce, zinaongezeka nyengine. Ukiwa na picha 25,000, na mpiga picha wa chini ya bahari pale Nungwi hafiki mbali kabla ya kuzipata, umeshafika mafaili 200,000 bila kuhesabu barua pepe wala kashe (nakala za muda ambazo tovuti inajiwekea). Siku hiyo paneli inakwambia nafasi iliyobaki ni "bila kikomo", na hapo hapo inakataa kupokea picha moja zaidi.

Kinga ya pili ni kasi ya kusoma diski. Kampuni nyingi zinaendesha CloudLinux, mfumo uliotoka mwaka 2010, unaompa kila mteja fungu lake la prosesa, la kumbukumbu na la kasi ya diski. Kwenye vifurushi vya rahisi, kasi hiyo mara nyingi ni MB 1 kwa sekunde. Fanya hesabu: ukiwa na GB 500 ndani ya akaunti hiyo, kuzisoma zote mara moja kunataka sekunde 500,000, yaani karibu siku sita usiku na mchana. Nafasi unayo, kuitumia huwezi.

Ya tatu ndiyo inayonikera kuliko zote, nayo ni bekapu, yaani nakala ya akiba. Ziko kampuni kubwa za Marekani ambazo masharti yao yanasema akaunti ikipita GB 20, au ikipita mafaili 100,000, haitafanyiwa bekapu tena. Hebu tafakari. Unauziwa nafasi isiyo na mwisho, lakini ulinzi wa mali yako unakoma kwenye GB 20, na hakuna atakayekupigia simu kukuarifu kuwa umevuka.

Anayetaka kuuliza aulize, nitajibu ninayoyajua.


#2 Mpaje

Waalaikum salaam. Kaka, mie nakupinga kidogo. Natumia kifurushi cha bila kikomo miaka mingi kwa kampuni yangu ya matembezi: Msitu wa Jozani, pomboo wa Kizimkazi, mashamba ya viungo, yote yamo humo. Sijawahi kusumbuliwa hata siku moja. Dola tatu zangu zinanitosha. Kwa nini unawatisha watu?


#3 Fundi wa Mlandege

Ndugu yangu Mpaje, sikutishi, na sikwambii uhame. Ingia kwenye paneli, upande wa takwimu, usome namba mbili: umetumia diski kiasi gani, na mafaili mangapi. Kisha uziandike hapa.


#4 Mpaje

Diski GB 3.4. Mafaili 41,212.


#5 Fundi wa Mlandege

Ahsante. Wewe ndiye mteja ambaye ofa hii imetengenezwa kwa ajili yake, na kwako inafanya kazi vizuri. GB 3.4 zingekaa kwa raha kwenye kifurushi cha GB 10 kinachotaja namba yake wazi, pengine kwa bei hiyo hiyo au pungufu. Neno "bila kikomo" halijakusaidia kitu wala halijakuumiza.

Lakini uangalie mambo mawili. Kwanza, dola tatu za kwenye tangazo mara nyingi ni bei ya kipindi cha kwanza. Soma ankara inayokuja ukilipia upya. Mara nyingi hupanda mara mbili au tatu. Pili, domeni yako, yaani anwani ya tovuti, imesajiliwa kwa jina la nani? Wengi hupewa domeni ya bure ndani ya kifurushi, halafu wakitaka kuondoka wanakuta jina la biashara yao limo mikononi mwa kampuni. Domeni za .tz, iwe .co.tz, .or.tz au hata .hotel.tz, unazisajili kupitia wakala aliyeidhinishwa. Sajili kwa jina lako, lipia mbali na hosti. Siku hosti ikikukera unahamisha tovuti na jina unabaki nalo.


#6 Bi Wete

Assalamu alaikum. Mimi niko Wete. Tuna kanda za zamani za maulidi, kaswida na mawaidha ya masheikh wetu, wengi wao wameshatangulia mbele ya haki. Vijana wa mtaani wamezihamisha kutoka kwenye kaseti kwenda kwenye kompyuta, sasa zimefika kama GB 300. Kaseti zenyewe zinaota ukungu, na kompyuta ni moja tu. Tulikuwa tumeshachanga pesa kununua hiyo nafasi bila kikomo ili tuziweke huko zote zisipotee. Sasa nikisoma haya naingiwa na hofu. Tufanye nini?


#7 Fundi wa Mlandege

Waalaikum salaam, dada yangu. Kwanza Mwenyezi Mungu awalipe nyie na hao vijana, kazi mnayoifanya ni kubwa. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu kesi yako ndiyo hasa niliyokuwa naihofia nilipofungua uzi huu.

Msinunue kwa kazi hiyo. Karibu kila kampuni ya namna hii imeandika kwenye masharti kwamba nafasi ni kwa ajili ya mafaili ya tovuti yenyewe, na hairuhusiwi kuwa ghala la bekapu, la video au la sauti. Mtapandisha, zitakaa mwezi, miezi, halafu ukaguzi wao utaiona akaunti ya GB 300 kwenye seva ambayo majirani wana GB 2. Mtaandikiwa muondoe ndani ya muda mfupi, au akaunti itafungwa kwanza ndipo muandikiwe. Kikundi kimoja kisiwani kwenu kiliwahi kufungiwa hivyo. Kampuni haikuwa imevunja sharti lolote, sharti lilikuwepo tangu siku ya kwanza kwa herufi ndogo. Rekodi walizokuwa wameshazifuta nyumbani ili kupata nafasi kwenye kompyuta hawakuzipata tena.

Na kupandisha kwenyewe je? Laini ya kawaida ikikupa kasi ya Mbps 5 (megabiti 5 kwa sekunde) za kupandisha, na ikae hivyo bila kushuka, GB 300 zitataka siku tano na nusu mfululizo. Umeme ukikatika katikati, au kifurushi cha data kikiisha, unaanza kutafuta kipi kimefika na kipi hakijafika.

Nakuuliza: hizo GB 300 ni WAV (sauti isiyobanwa) au MP3 (iliyobanwa)?


#8 Bi Wete

Kijana anayeshughulika anasema ni WAV. Alisema ndiyo yenye sauti nzima.


#9 Fundi wa Mlandege

Amefanya sawa kabisa, mpongeze. WAV ya kiwango cha CD inakula kama MB 635 kwa saa moja. Maana yake GB 300 zenu ni karibu saa 470 za sauti. Hizo ndizo asili zenu, zibaki kama zilivyo.

Sasa tengenezeni nakala za MP3 kwa ajili ya watu kusikiliza. Kwa kiwango cha 128 kbps saa moja ni MB 58 hivi, kwa hiyo saa zote 470 zinashuka hadi GB 27. Mawaidha ya mtu mmoja anayezungumza mnaweza kuyafanya mono (sauti ya njia moja) ya 64 kbps, yatasikika vizuri na kupungua nusu tena. Umeona? Kutoka GB 300 hadi GB 27 au chini yake, na msikilizaji mwenye simu kule Micheweni hatapoteza kitu. Atashukuru, kwa sababu data yake haitaisha kwa khutba moja.

Zile asili za WAV ziwekeni kwenye diski mbili za nje, kila moja nyumba yake. Moja Wete, nyengine Chake au hata Unguja kwa mtu mnayemuamini. Diski mbili ndani ya kabati moja ni bekapu ya jina tu. Maji yakiingia yanaingia kwenye kabati zima. Na hili haliwahusu wadogo peke yao. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la seva la OVHcloud, kampuni kubwa ya kuhosti, pale Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto, na wapo wateja waliopoteza kila kitu kwa sababu bekapu zao zilikuwa kwenye eneo lile lile.

Nakala za kusikiliza mnaweza kuzipeleka archive.org, maktaba ya mtandaoni iliyoanza 1996. Wanapokea bure. Ila pateni kwanza ridhaa ya familia za hao masheikh, kwa sababu kitu kikishawekwa pale dunia nzima inakiona. Na wao pia msiwafanye ndio nakala pekee: Oktoba 2024 walishambuliwa na tovuti yao ikawa haipatikani kwa siku kadhaa.


#10 Mtu wa Kengeja

Naongezea hapo kwa Fundi. Wanaodhani ni kampuni ndogo tu zinazoshindwa kutimiza ahadi hii, watazame wakubwa walivyofanya.

Microsoft waliwapa wateja wa Office 365 nafasi bila kikomo kwenye OneDrive, hifadhi yao ya mtandaoni, wakaifuta Novemba 2015. Walisema wenyewe kwamba wako watu waliopita TB 75 kwa mtu mmoja. Amazon Drive ilikuwa na mpango wa bila kikomo, wakauondoa 2017. Google Photos ilipokea picha bila kuzihesabu tangu 2015, tarehe 1 Juni 2021 ikaanza kuzihesabu ndani ya GB 15 za kila akaunti. Vyuo vilivyokuwa na Google bila kikomo vikaambiwa sasa ni TB 100 kwa taasisi nzima. Dropbox walikuwa na mpango wa namna hiyo kwa upande wa makampuni, na Agosti 2023 nao wakaacha, wakaeleza kuwa wako waliokuwa wanachimba sarafu ya kidijitali ya Chia humo na wengine waliokuwa wanaiuza tena nafasi ile kwa watu wengine.

Hawa wana majengo ya seva duniani kote, na bado imewashinda. Sasa kampuni inayokodi seva tatu itaiwezaje?


#11 Fundi wa Mlandege

Mtu wa Kengeja, umeeleza vizuri kuliko nilivyoeleza mie. Na kitu kinachojirudia katika habari zote hizo ni mteja wa kawaida. Wachache walivuna, ahadi ikafutwa, na aliyeumia ni mama aliyekuwa anaweka picha za wanawe akidhani suala la nafasi limekwisha maisha.


#12 Kijana wa Amani

Wakubwa shikamooni. Mie ni mmoja wa wanaouza hizo nafasi, nauza kwa jumla na rejareja, nimekodi seva nje. Nataka niseme ukweli wa upande wetu. Mteja akija, kitu cha kwanza anauliza "inabeba GB ngapi?" Nikimwambia GB 20, anafungua simu ananionesha tangazo la bila kikomo la bei hiyo hiyo, anaondoka. Nimepoteza wateja wengi kwa kusema kweli. Ndiyo na mie nikaandika bila kikomo. Mnataka tule wapi?


#13 Fundi wa Mlandege

Marahaba mwanangu. Nashukuru kwamba umekuja na jina lako la jukwaa ukasema, wengi wangenyamaza.

Naujua ugumu wako. Najua vile vile kwamba tangu 2019 cPanel, watengenezaji wa paneli, waache kutoza kwa seva na kuanza kutoza kwa idadi ya akaunti, kila mteja unayemwongeza ana gharama yake kabla hajapandisha hata faili moja. Faida imebana. Lakini sikubaliani na wewe kwamba njia iliyobaki ni hiyo.

Huyu mteja anayekuonesha simu hajui ni kipi cha kuuliza. Hajawahi kuambiwa. Mfungulie paneli yake mwenyewe, umuoneshe kwamba tovuti yake ya sasa ina GB 1.8. Muulize: hizi nyengine za kwenye tangazo utazitia nini? Halafu umwambie vile ambavyo tangazo halisemi: kwangu bekapu inafanywa kila usiku, inakaa seva nyengine, na nitakurejeshea mwenyewe ukiharibikiwa. Kwangu ukipiga simu unapokewa kwa Kiswahili. Kwangu unalipa kwa shilingi kupitia simu, huhangaiki na kadi ya dola. Mwenye nyumba ya wageni Bwejuu anayeingiza pesa za Julai na Agosti ili azile mwezi wa Aprili wa masika, anachotaka ni tovuti isizime msimu ukipamba moto. GB hazimshughulishi, anaziuliza kwa sababu ndiyo namba pekee anayoijua.

Na kama unaona lazima uliandike neno hilo, basi chini yake pale pale, kwa herufi za saizi ile ile, andika: mafaili yasizidi kadhaa, si kwa ghala la video na sauti, bekapu hadi GB kadhaa. Mteja akisoma akanunua, amenunua kwa kujua. Kwetu biashara ya aibu inajulikana mtaa mzima kwa wiki moja. Ukimfungia mtu akaunti katikati ya Ramadhani wakati watalii wa Idi wanatafuta vyumba, utaisikia hadi Darajani.


#14 Kijana wa Amani

Nimekuelewa. La kulipia kwa shilingi sikuwahi kuliweka kwenye tangazo, na kweli ndilo wanalolipenda wakishakuja. Nitalijaribu hili na wateja wapya.


#15 Nahodha wa Mkokotoni

Na swali la kuhosti ndani au nje je? Ile Mei 2024 mtandao ulipokatika mie nilishindwa kufungua hata tovuti yangu mwenyewe.


#16 Fundi wa Mlandege

Sheikh, tarehe 12 Mei 2024 zilikatika nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, na Tanzania tuliathirika vibaya. Tovuti yako ikiwa Ulaya, wewe Mkokotoni huioni lakini mgeni wa Ujerumani anayetafuta boti ya kuvulia anaiona kama kawaida. Ikiwa Dar es Salaam, ni kinyume chake. Kwa hiyo angalia wasomaji wako wako wapi. Biashara ya watalii, weka karibu na watalii. Skuli au jumuiya ya hapa, weka nchini. Nafasi bila kikomo haiingii kwenye uamuzi huo hata kidogo.


#17 Mpaje

Nimerudi. Nimefuata ulivyosema, nimeangalia mafaili 41,212 yanatoka wapi. Picha ni kama elfu tisa tu. Zaidi ya nusu ni barua pepe! Kuna sanduku la mfanyakazi aliyeondoka zamani, bado linapokea matangazo.


#18 Fundi wa Mlandege

Ndivyo ilivyo kwenye seva nyingi za aina hii, kila barua ni faili moja. Ofisi yenye sanduku kumi, kila moja na barua 8,000, ina mafaili 80,000 kabla ya tovuti yenyewe. Pakua za muhimu, funga sanduku hilo, na zilizobaki zifute. Kisha angalia folda ya kashe. WordPress yenyewe ikiwa tupu ina mafaili elfu tatu na ushei tu, kwa hiyo ukikuta elfu kumi nje ya picha na barua, huenda ni plagini (programu ya nyongeza) inayoacha uchafu.


#19 Bi Wete

Fundi, nimewaandikia ile kampuni kabla ya kulipa, kama alivyonishauri kijana wetu. Niliuliza maswali manne: mafaili mangapi, naruhusiwa kuweka sauti GB 300, bekapu mnafanya hadi wapi, na mwaka wa pili nitalipa ngapi. Wamejibu. Mafaili 250,000. Sauti ya GB 300 hairuhusiwi, wamesema "akaunti itachukuliwa hatua". Bekapu ni jukumu la mteja. Bei ya mwaka wa pili wamenitumia kiungo tu, nikafungua nikakuta ni zaidi ya mara mbili.

Pesa tuliyochanga bado tunayo. Tumekubaliana diski mbili za TB 1, moja itakwenda kwa shangazi yangu Chake Chake. Swali langu la mwisho: tukianza kutengeneza hizo MP3, tuanze na zipi?


#20 Fundi wa Mlandege

Alhamdulillah. Kabla ya MP3 yoyote, nakilini zile GB 300 kwenye diski zote mbili, na mfungue mafaili machache kutoka kila diski msikilize mpaka mwisho, msiridhike kuona majina tu.

Halafu anzeni na kaseti ambazo bado hazijahamishwa, kama zipo, hasa zile zenye ukungu. Zilizokwisha kuingia kwenye kompyuta zinaweza kusubiri mwezi. Kaseti iliyoota ukungu isipigwe hivyo hivyo kwenye redio ya kawaida ya nyumbani, utepe unaweza kukatika. Mtafuteni fundi aisafishe kwanza, na kichwa cha redio kisafishwe kwa spiriti kila baada ya kaseti mbili. Kila faili lipeni jina la sheikh, pahala na mwaka, kwa mfumo mmoja, kwa sababu zikifika mia tano hakuna atakayekumbuka "kanda mpya 7" ni ya nani. Wazee wanaozitambua sauti hizo wakae na vijana wakati wa kuandika majina. Ukikwama kwenye mpangilio wa mafolda, niandikie, nitakutumia ninaoutumia mimi.